Mheshimiwa Wifi, Habari za Jioni

Ugomvi wa matusi mimi siuogopi. Nimelelewa nyumba ya wapangaji, milango mingi, ukuta mmoja, na mtu akikuporomoshea asubuhi, mchana mnaazimana chumvi. Kinachonishinda ni mtu kunikasirikia kwa adabu. Hapo sina pa kushika. Na wifi yangu, mke wa mdogo wangu, nesi mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, aliamua kunikasirikia kwa adabu wiki ileile aliyokuwa anahama mji.

Uhamisho wake ulikuwa umeshatoka. Jumamosi lori lingekuja, wapakie, waondoke, yeye na mdogo wangu, kwenda mji ambao huwezi kwenda na kurudi siku moja. Baada ya hapo mimi na yeye tungebaki na simu tu, na simu ndiyo iliyotuharibia. Kwa hiyo nilikuwa nataka jambo moja: anisikilize, uso kwa uso, kabla lori halijawashwa.

Ngoja nieleze ilivyokuwa, maana mtaani kwetu imeshasimuliwa kwa namna nyingi na karibu zote ni za uongo.

Mimi ni fundi wa makochi. Karakana yangu iko barabarani, mlango mpana, na siku za mechi inageuka uwanja. Nawasha runinga, watu wanajaa mpaka nje. Mashabiki wa Radi, timu yangu, nawakalisha kwenye makochi yaliyokwisha kuvishwa kitambaa. Wa Chuma nawapa yale ambayo bado yana springi tupu, na wakilalamika nawaambia wavumilie, ndivyo timu yao inavyokaa kwenye msimamo. Wifi ni Chuma wa damu. Mdogo wake wa mwisho, kijana ambaye juzi tu alikuwa anavaa kaptula ya shule, msimu huu ndio kaingia kikosini, beki wa kati.

Tangu aolewe kwetu hatujawahi kusalimiana kama watu. Anaingia karakana, anashika kiuno: "Bado mnahema nyie?" Nami namjibu: "Pita kule nyuma, harufu ya kushindwa inaingia kwenye sponji." Watu wanavunjika mbavu. Kisha anakuja kujibana ubavuni kwangu, anakula karanga zangu bila kuomba, na tunaangalia mpira. Mdogo wangu alipomleta nyumbani mara ya kwanza nilimwogopa, kakaa wima kama yuko kwenye usaili. Siku aliponiambia kwamba golikipa wetu anadaka kama mtu anayefukuza nzi, nikajua huyu ni wetu.

Wasioweza kuja karakana tuko nao kwenye kundi la simu, Radi na Chuma pamoja. Kiongozi wa kundi ni mwalimu wa udereva, mtaa mzima tunamwita Gia. Zamani lilikuwa kundi la sauti. Sisi watu wa mikono, huyu ana gundi, huyu ana unga, yule kashika nyundo, nani ana nafasi ya kuandika? Unabonyeza, unamwaga yako, unaachia. Wifi alikuwa anaanza kwa tusi, katikati anacheka, mwisho anapaliwa na kicheko chake mwenyewe. Hata mgeni asiyejua lugha angeelewa kwamba huyo mtu ana furaha.

Ikaja ajali ya Gia. Alikuwa anamfundisha mama mmoja mtu mzima, mke wa hakimu, na gari la mafunzo alikuwa ameliunganisha na simu yake. Wifi akatuma sauti ya kuwaeleza mashabiki wa Radi walivyo, kuanzia kisogo mpaka kisigino. Gia akagusa simu bila kutaka. Ile sauti ikalipuka kwenye spika zote. Yule mama, badala ya breki, akakanyaga mafuta. Gari likapanda ukingo wa barabara, likaenda kulala juu ya pipa la taka. Hakuna aliyeumia. Lakini mke wa hakimu alishuka, akafunga mlango taratibu, akaondoka kwa miguu na hajarudi mpaka leo. Sisi tulicheka wiki nzima. Gia hakucheka. Gia alitunga sheria.

Alizibandika juu kabisa kwenye kundi. Ujumbe wa sauti, marufuku. Anayemjibu mwenzake aanze na neno Mheshimiwa, amsalimie, aseme lake kwa staha, amalize kwa kumtakia heri. Atakayetukana anatolewa mpaka msimu uishe. Nikazisoma, nikaguna, nikaitupa simu kwenye droo. Ndiyo kwanza nilikuwa nimepata kazi ya viti vya mapokezi vya hoteli moja, kazi ya haraka, vijana nimewaongeza, karakana haina pa kupita. Kwa wiki kadhaa sikuingia kwenye kundi hata kuchungulia. Mechi nikiangalia, naangalia kwa jicho moja huku nimeng'ata pini mdomoni.

Hapo ndipo Radi ilipokutana na Chuma.

Wifi siku hiyo alikuwa zamu hospitalini, hakuja. Karakana ilifurika. Dakika za mwisho, bila bila, krosi ikaja nyepesi, ya kudakwa hata na mtoto. Yule kijana, mdogo wake wifi, akaruka peke yake, hana hata wa kumsukuma, akaipiga kwa kichwa moja kwa moja kwenye goli lao. Karakana ikalipuka. Mtu akaruka juu ya kiti cha hoteli, nikampiga na foronya. Mimi nilishangilia, sitadanganya, Radi ni Radi. Lakini kamera ikamfuata yule kijana. Alikuwa amejifunika uso kwa jezi, tumbo nje, mbavu zinahesabika. Furaha ikaniishia palepale. Huyo mtoto amekula kwangu. Suruali yake ya kwanza ya kwenda majaribio niliipunguza mimi, kwa cherehani ya makochi.

Nikatoa simu kwenye droo. Kundi lilikuwa linachemka, ujumbe juu ya ujumbe, sikuweza hata kuusoma wote, niliona tu jina la yule kijana linarudi na kurudi. Nikasema hapana, wifi yuko kazini, atakuta hivi vitu peke yake. Mtu wa Radi asimame amtetee, tena mbele ya wote, siyo kumnong'oneza pembeni. Nikafuta gundi vidoleni, nikafuata sheria za Gia neno kwa neno, nisije nikatolewa. Nikaandika:

"Mheshimiwa wifi, habari za jioni. Nakupa pole kutoka moyoni. Kijana amejitahidi sana na anastahili heshima yetu sote. Nakutakia jioni njema."

Nikausoma mara mbili. Nikauona mzuri. Nikatuma.

Sijapata kuona kitu kama kile. Sura za kucheka machozi zikaanza kumiminika kama mchele uliotobolewa gunia. "Fundi umeua!" "Fundi karudi na moto!" "Anastahili heshima yetu sote, mamaaa!" Gia naye akaweka dole gumba na kuandika: "Ujumbe wa mfano. Wengine waige." Halafu usiku, karakana imebaki na wachache, chini ya vicheko vyote nikaona mstari mdogo wa kijivu: wifi yangu ametoka kwenye kundi.

Nikageuka kwa Chaja, fundi simu wa mlango wa pili, ambaye bado alikuwa amekaa kwenye springi anaugulia Chuma yake.

"Chaja, nimefanya nini?"

Akanitazama kwa chuki. "Fundi, na wewe. Hata kama ni utani, mtoto wa watu kafunga goli la kujifunga na bado unampiga pigo la mwisho?"

"Pigo gani? Nimempa pole!"

"Ndiyo hiyo pole."

"Pole ni pole!"

"Wewe ulikuwa wapi?" Akachukua simu yangu, akapandisha juu, juu, wiki mbili nyuma. "Soma."

Nikasoma. Loo. Mtu mmoja kaandika: "Mheshimiwa, habari za mchana. Naomba kuuliza kwa unyenyekevu, yule winga wenu huwa anakimbia au anasindikizwa? Nakutakia kazi njema." Mwingine: "Mheshimiwa, shukrani kwa swali lako zuri. Nakupa pole kutoka moyoni kwa kuzaliwa na macho hayo. Jioni njema." Mwingine tena: "Mheshimiwa, kocha wenu amejitahidi sana. Anastahili heshima yetu sote." Kurasa na kurasa. Walichokatazwa kusema kwa matusi walikuwa wamekihamishia chote kwenye adabu. Kila neno jema alilolileta Gia lilikuwa limeshanolewa likawa kisu. Nami, baada ya wiki za kimya, nikaingia na kuokota visu vyote vya siku zile, nikavifunga pamoja, nikamtumia wifi yangu na kumtakia jioni njema.

"Sikujua," nikasema.

"Nani atakuamini?" akasema Chaja. "Wewe? Kwa mdomo huo?"

Nikapiga simu. Haikupokewa. Nikapiga tena, ikakatwa. Nikamwandikia pembeni, peke yake, nikaeleza yote, hoteli, gundi, droo, sheria. Nikaona anaandika, anaacha, anaandika. Jibu likaja: "Nimeelewa. Asante kwa ufafanuzi. Uwe na usiku mwema."

Huyu ni mtu ambaye siku zote ananijibu kwa "toka hapa."

Kesho yake nikamfuata Gia kwenye uwanja wake wa mazoezi, anapopanga matairi mabovu watu wajifunze kurudi nyuma. Nikamwambia afute zile sheria, aruhusu sauti, nimtumie wifi sauti yangu, arudishwe kundini asikie.

"Mheshimiwa Fundi," akaanza.

"Usiniite Mheshimiwa!"

"Unaona hasira? Ndiyo tunayoipiga vita. Tangu niweke utaratibu hakuna hata tusi moja kwenye kundi. Hata moja! Nimewahesabia. Watu wanasalimiana, wanapeana pole..."

"Gia, wanachinjana."

"Wapi? Nionyeshe neno baya."

Nikafungua simu nimwonyeshe. Nikatafuta. Nikapandisha, nikashusha. Hakuna. Neno baya halikuwemo. Kila sentensi ukiitoa peke yake unaweza kuiandika kwenye kadi ya harusi. Gia akanitazama kwa ile huruma ya mwalimu kwa mwanafunzi aliyeshindwa kutofautisha klachi na breki. Nilitamani nimvurumishie tairi.

Jioni mdogo wangu akanipigia, anazungumza chini chini kama mwizi. "Dada, mmefanyiana nini na mke wangu? Ananiambia tafadhali."

"Anakuambia nini?"

"Tafadhali! 'Tafadhali nipe hilo boksi. Asante, mume wangu.' Nimeoa miaka sita sijawahi kusikia hayo maneno. Nimekosa nini mimi?"

"Mwambie nilimaanisha kweli."

"Nimemwambia. Kasema anashukuru."

"Mwambie tena."

"Dada, mimi nina vyombo vya kufunga na mwanamke anayeniambia asante. Njoo mwenyewe."

Nikaenda Jumamosi, mapema, karakana nikawaachia vijana. Lori lilikuwa limeshageuzwa, mkia mlangoni, wapakiaji wawili wanabeba magodoro, dereva kakaa kwenye usukani anabonyeza honi kila akikumbuka. Mdogo wangu yuko juu ya mzigo anafunga kamba. Sebule imebaki na kochi tu, mapazia yameshatolewa, mwangwi mtupu. Wifi akatoka chumbani na kitambaa kichwani.

"Karibu sana, wifi," akasema. "Pita ukae. Pole na njia."

Njia! Kutoka kwangu ni mitaa mitatu. Nikasimama kama mgeni. Akaingia jikoni, na kwenye yale maboksi yaliyofungwa kwa gundi ya karatasi akafungua moja, makusudi kabisa, akatoa glasi ya wageni, ile ya maua, akanijazia maji, akaiweka kwenye sahani na kuniletea kwa mikono miwili.

Ndugu zangu, katika nyumba hiyo mimi nakunywa maji kwa kikombe cha plastiki kisicho na mkono, na nakichota mwenyewe, na nikimaliza naambiwa nioshe na vingine. Ile glasi ilinikaa mkononi kama hati ya kufukuzwa.

"Wifi," nikasema, "mimi na wewe tuzungumze."

"Tutazungumza, hamna shida. Kunywa maji kwanza."

"Sitaki maji."

"Samahani. Nikuletee soda?"

Nikanywa yale maji. Yalishuka kama misumari.

Wapakiaji wakalifuata kochi. Kochi lile nililitengeneza mimi, la watu watatu, zawadi yangu walipooana, mbao ngumu, sikubania kitu. Tatizo ni kwamba lilipoingia, mlango ulikuwa mlango tu. Baadaye mdogo wangu akaweka geti la chuma kwa ndani, na upana ukapungua. Wapakiaji wakalisukuma mara moja, mara mbili, wakalikwaruza, nikapiga kelele. Wakaliacha pale likiwa limeinama mlangoni, wakasema hilo haliko kwenye makubaliano yao, wakaenda kunywa chai.

"Liacheni basi," dereva akasema kutoka nje. "Mimi nina safari."

"Haliachwi," nikasema.

"Wifi, usijisumbue," akasema wifi kwa ile sauti yake mpya, laini kama mafuta ya mgonjwa. "Tutatuma mtu siku nyingine. Tunashukuru kwa yote."

"Toka nje ushike huo upande wa pili."

"Hamna haja..."

"Shika!"

Akapita chini ya kochi, akatoka nje, akashika. Mimi nikabaki ndani. Nikalegeza miguu ya kochi, nikamwambia alinyanyue kwake, alilaze kwa mgongo. Tukalisukuma. Likaingia mpaka nusu, likanasa. Haliendi mbele, halirudi nyuma. Mkono wa kochi umeshikwa na geti. Mimi ndani, yeye nje, katikati kochi limeziba mlango wote, naona macho yake tu na kitambaa cha kichwa.

"Vuta kwako," nikasema.

"Tafadhali sukuma kidogo."

"Nasukuma. Vuta."

"Navuta, wifi. Naomba unyanyue."

"Nimenyanyua!"

"Hujanyanyua."

"Nimenyanyua!"

"Hujanyanyua, wewe! Unasimama hapo kama kipa wenu, mikono mbele, akili imeenda sokoni! Nyanyua, mzembe mkubwa!"

Jasho linanitiririka, na moyoni nimefurahi kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwenye redio. Nikajiachia nikacheka.

Lilikuwa kosa. Macho yake yakajaa.

"Unacheka," akasema. "Unaona? Wewe unacheka kila kitu. Unajua nani alinionyesha ujumbe wako? Siyo simu yangu, simu yangu ilikuwa kwenye kabati la zamu. Ni mdogo wangu. Kuna mpuuzi kamrushia. Alinifuata wodini usiku ule na jezi yake bado mwilini, akaniwekea simu mbele, akaniuliza, 'Dada, hata huyu?' Wengine wote hakuwajali. Ni wewe tu. Kasema haendi mazoezini tena."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Ya huyo mtoto sikuwa nimeyafikiria kabisa.

"Wifi, nilimaanisha kila neno."

"Mheshimiwa? Jioni njema?"

"Sheria za Gia!"

"Tangu lini wewe unafuata sheria?"

Watu wote mtaani wangeniuliza hivyohivyo.

"Mke wangu, vipi huko?" akaita mdogo wangu kutoka juu ya lori.

"Funga kamba zako!" tukamjibu kwa pamoja.

"Lete simu," nikamwambia wifi. "Nikusomee kwa mdomo wangu. Usikie nilivyokuwa nasema kichwani."

Akaipitisha juu ya kochi. Nikaufungua ule ujumbe. Nikakohoa. Nikasoma, polepole, kwa moyo: "Mheshimiwa wifi, habari za jioni. Nakupa pole kutoka moyoni..." Nikaisikia sauti yangu. Ilikuwa ya kejeli. Nikaanza upya, nikashusha sauti, nikaweka huruma. Ikawa kejeli zaidi. Nikajaribu haraka haraka, bila kuweka chochote. Nikafika "anastahili heshima yetu sote" na nakuapia, nilijisikia mwenyewe nimebetua mdomo. Sijui nani aliubetua. Yale maneno yalikuwa yameshaharibika, yamepita kwenye midomo mingi mno, na mimi mwenye ujumbe sikuweza tena kuyasema yakatoka safi.

"Unaona?" akasema wifi taratibu.

"Naona," nikasema, na hasira zikanipanda, siyo kwake, sijui kwa nani. Kwa Gia. Kwa kundi zima. Kwa hoteli na viti vyake. Nikamrudishia simu, nikatoa bisibisi mfukoni, nikachana kitambaa cha nyuma ya kochi langu mwenyewe. Nilishona kile kitambaa kwa mkono. Nikakichana mpaka chini, nikafikia zile skrubu, nikauondoa mkono wa kochi wote. Kochi likapita. Wifi akalidaka upande wake, akayumba, nikatoka mbio nikamsaidia. Tukalipandisha kwenye lori, kipande na kipande.

"Namba ya kijana," nikasema huku nahema. "Nipe. Nimwandikie..."

"Usimwandikie!" Akanishika mkono, vidole vya nesi, vinabana. "Usimwandikie mtu yeyote kitu chochote. Umenisikia?"

"Basi nitaenda nimwone."

Hakusema nenda, hakusema usiende. Dereva akapiga honi. Akapanda mbele, akafunga mlango, akashusha kioo.

"Kwa heri, wifi," akasema.

Lori likaondoka. Nikabaki na mabaki ya uzi mkononi. Kwa heri, wifi. Nililigeuza hilo neno njia nzima kurudi karakana. Kwa heri ya namna gani?

Nyumbani kwa mama yake wifi nilienda Jumapili asubuhi. Kijana alikuwa uani anafua viatu vya mpira, na mtu anayeacha mpira hafui viatu, lakini sikusema. Hakuniamkia. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamwambia kwamba lile goli lake ni baya kuliko yote niliyowahi kuyaona tangu nizaliwe, na kwamba nilipomwona amejifunika jezi nilipoteza hamu ya kushangilia. Akafua, akafua. Mwishowe akauliza bila kunitazama, "Kweli ulipoteza hamu?" Nikasema muulize Chaja. Akasema Chaja ni mwongo. Nikasema hilo ni kweli. Zaidi ya hapo hakunipa kitu, na sikumdai.

Niliporudi karakana, watu wameshaanza kujaa kwa mechi ya saa kumi, simu ikalia mfukoni. Wifi. Ujumbe.

"Tumefika salama. Asante kwa msaada wa jana."

Nikauona, nikakaa. Nikampa Chaja.

"Amani hiyo," akasema Chaja. "Angekuwa na hasira asingeandika."

"Mbona kaweka nukta?" akauliza mwingine. "Mtu wa amani haweki nukta."

"Mbona hajakuita wifi?"

"Asante ya msaada, hiyo ni asante ya ofisini."

"Kachoka na safari, muacheni mwanamke wa watu."

Gia, aliyekuwa mlangoni na kofia yake, akauomba naye, akausoma kwa sauti. "Ujumbe mzuri," akasema. "Mfupi, una shukrani. Sioni tatizo." Nikamnyang'anya simu yangu.

Wakaendelea kubishana juu ya kichwa changu, Radi na Chuma, kila mtu mtaalamu, kila mtu anamsoma wifi yangu kama amemzaa yeye. Nikatoka nje, nikapiga. Ikaita, ikaita. Nilikuwa nakaribia kukata.

"Nini?" akasema. Nyuma yake nasikia sufuria, mdogo wangu anagonga msumari.

"Hii meseji yako, umeiandikaje?"

"Kwa vidole."

"Una hasira au huna?"

Nyundo ikagonga mara kadhaa.

"Ninayo," akasema. "Siyo yote. Mdogo wangu kanipigia, kasema umekuja kumtukania goli lake."

"Nilimwambia ukweli."

"Nimesikia." Akavuta pumzi. "Ila nikiufungua ule ujumbe, bado nakuona unacheka. Nimejaribu. Bado."

"Ufute."

"Nikiufuta nitaukumbuka."

"Basi nifanyeje? Nikae kimya mpaka iishe?"

"Nani kakuambia ukae kimya? Uwe unapiga. Nikiwa na hasira nitakukatia, nawe utajua."

"Na usipokuwa na hasira?"

Akakata.

Nikaishika simu, naitazama. Chaja akatoa kichwa mlangoni, nyuma yake vichwa vingine vitano.

"Kasemaje?"

"Kakata."

"Kakata kwa hasira au kakata kwa kawaida?"

"Sijui," nikasema. Nikabonyeza namba yake nikapiga tena.